Jasho la Dawa na Hasira ya Nyuki

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule, magauni ya kipaimara, na kwa kuwa naishi Mitundu, nashona pia magwanda ya warina asali. Gwanda la mrina asali halina ufundi mwingi: unachukua salfeti nzito, unakata mikono mipana, unaweka kofia yenye wavu wa chandarua, unabana viganja kwa lastiki. Nimewashonea wengi. Mume wangu hakuwahi kuvaa hata moja. Alisema nyuki wanamjua, na mtu haendi kwa jamaa zake amevaa gunia.

Tulipimwa pamoja, yeye na mimi, katika kituo cha afya, baada ya mimi kutoka mkanda wa jeshi ubavuni. Mhudumu akatuambia wote wawili tumekutwa na virusi. Nilichokuwa nawaza wakati ule ni pasi ya mkaa niliyoiacha kibandani, kwamba huenda imeegemea kitambaa cha mteja. Nilikaa pale nikiiwaza ile pasi mpaka mhudumu akamaliza maneno yake. Mume wangu aliuliza swali moja tu, kama bado ataweza kupanda miti. Akajibiwa kwamba atapanda mpaka achoke mwenyewe. Akaitikia kwa kichwa, tukatoka. Pasi niliikuta salama.

Hatukulia. Hatukuulizana nani kamletea mwenzake. Tulikuwa watu wazima, watoto wameshaondoka na kuolewa huko, na kila mmoja wetu alikuwa na maisha yake kabla ya kukutana na mwingine. Kuanza kuyafukua ilikuwa kujitafutia kazi isiyo na ujira. Kuna ile ganzi inayokuja ukiukalia mguu muda mrefu. Mimi ilinijia ndani, na sikupata namna ya kuunyoosha huo mguu.

Tukaanza dawa. Kidonge kimoja asubuhi, basi, unaendelea na kazi zako. Miaka ikapita hivyo. Kila tulipopimwa wingi wa virusi tuliambiwa havionekani. Mume wangu aliuliza kama havionekani vimekwenda wapi, akaambiwa vimelala, havijaondoka, ukiacha dawa vinaamka. Aliridhika na jibu hilo. Alikuwa mtu wa msituni, alijua kitu kinaweza kuwepo bila kuonekana.

Mimi sikuumwa, ila nilichoka. Nilikuwa nashona pindo la sketi moja, nasimamisha cherehani, nakaa naangalia barabara. Magoti yalikuwa ya bibi na mimi bado sijawa bibi sawasawa. Nilipolisema kliniki, waliniandika jina, kwa sababu kulikuwa na wataalamu wanakuja kutoka mjini kuchukua damu za watu kama mimi, ambao virusi vyao vimelala lakini wenyewe hawana raha.

Daktari aliyekuja alikuwa msichana, mdogo kiasi cha kuniamkia shikamoo kabla ya kunifunga mpira mkononi. Nilimuuliza anatafuta nini kwenye damu yangu. Akaniambia anaangalia askari wa mwili.

Habari za askari tulikuwa tumezisikia tangu siku ya kwanza. Kila mhudumu wa kliniki ana hadithi yake ya askari. Nikamwambia, "Mwanangu, hao nawafahamu, wameliwa na virusi, tunameza dawa ili waongezeke."

"Ni kweli, mama," akasema. "Lakini kuna kingine ambacho huwa hatuwaambii. Hawa askari wana silaha. Hii hewa ya oksijeni tunayovuta, wao wanaigeuza kitu kikali cha kuunguza wadudu. Ni silaha nzuri. Sasa kirusi kikiingia, askari wanakuwa macho muda wote. Wanafyatua hata pasipo na adui. Ule ukali unaunguza nyama ya mwili wenyewe, unaunguza mishipa, hata hao askari wenyewe wanaungua wanakufa mapema. Mwili una vitu vyake vya kuuzima huo moto, ila navyo vinapungua. Ukimeza dawa askari wanatulia, ila si wote. Tunataka kujua kwa watu kama ninyi umebaki moto kiasi gani."

"Nao unachosha?"

"Tunadhani unachangia. Unazeesha mwili kabla ya wakati."

Nikamuuliza nifanye nini. Akasema nisiache dawa, nile mboga za majani na matunda, nilale vya kutosha, na kama navuta sigara niache. Nilikuwa nimetarajia chupa ya kitu fulani. Alinionea huruma, nikaona usoni.

Mume wangu alikuwa amekaa kwenye benchi karibu yetu, anasubiri zamu yake ya kuchukua vidonge. Alikuwa amesikiliza neno kwa neno. Akauliza, "Huo moto una harufu?"

Daktari akacheka. "Hapana, baba. Uko ndani kabisa, kwenye vitu vidogo visivyoonekana kwa macho. Hauonekani wala haunusiki."

"Kwako wewe," mume wangu akasema.

Inabidi nieleze kuhusu harufu. Warina asali wa huku wanaamini, na mimi siwezi kuwabishia, kwamba nyuki humsoma mtu kwa jasho lake. Siku kadhaa kabla ya kwenda msituni mume wangu alikuwa haogi kwa sabuni ya kunukia, anaoga maji matupu. Hapaki mafuta. Pombe hanywi. Mimi nilikuwa marufuku kukaanga vitunguu ndani ya nyumba, na kanga yangu niliyoifukiza udi alikuwa anaitoa nje na kuitundika kwenye uzio kama ngozi ya mbuzi. Nilikuwa namtania kwamba anajiandaa kwa harusi ya mke wa pili. Alikuwa hacheki, mambo ya nyuki hayakuwa na mzaha kwake.

Msimu uliofuata akaenda dagoni, yaani kwenye kambi yao ya msituni, pamoja na mdogo wake, shemeji yangu. Walirudi kabla ya siku zao. Mume wangu alikuwa amevimba uso mpaka macho yamefunga, midomo imepinda, mikono imekuwa minene hata pete haikutoka. Shemeji hakuwa na kitu. Nilimuwekea mume wangu maji ya chumvi ya kujikanda. Kesho yake, jicho moja lilipofunguka, akaniita.

"Wamenikataa," akasema.

"Nyuki ni nyuki. Wameamka vibaya."

"Mizinga yote? Mimi nimewarina tangu sijaota ndevu. Hawajawahi kunifanyia hivi. Wamenusa moto."

"Moto gani?"

"Ule aliosema yule mtoto wa kliniki. Askari wanaungua ndani. Sasa kitu kinachoungua kinatoa nini? Si kinatoa harufu? Na harufu itatokea wapi kama si kwenye jasho?"

Nikamwambia daktari alisema moto unaletwa na virusi, na dawa ndiyo inautuliza. Yeye ameligeuza kichwa chini miguu juu.

"Kabla ya vidonge nilikuwa nina virusi au sina?"

"Ulikuwa navyo."

"Nyuki walinikataa? Miaka yote hii vidonge vilikuwa vinajaa taratibu, sasa vimefika kwenye jasho."

Nikanyamaza. Hapo ndipo nilipokosea kunyamaza, maana alidhani nimekubali. Alisimama, akaenda kuchukua kopo lake la dawa, akaliweka juu ya cherehani yangu.

"Kaa nazo wewe," akasema. "Wewe hupandi mti."

Hakuficha. Watu wengi wanaoacha dawa wanaacha kwa siri, wanatupa, wanadanganya kliniki. Yeye aliacha hadharani, kama mtu anayeacha sigara. Mshauri wa kituo alipokuja nyumbani kumbembeleza, alimsikiliza kwa adabu zote, akamfungia asali kwenye chupa, akamsindikiza mpaka barabarani. Wifi yangu, dada yake mkubwa anayekaa kwao Sepuka, nilimpigia simu nikitegemea atamgombeza. Akaniambia, "Wifi, usimlazimishe. Mtu anaujua mwili wake." Nilishangaa, kwa sababu wifi ni mtu wa kugombeza hata mvua.

Kisha likatokea jambo lililonimaliza nguvu. Urinaji uliofuata alikwenda akarudi na ndoo zimejaa, na hakuna hata nyuki mmoja aliyemgusa. Alinionyesha mikono yake mbele na nyuma. Bahati ikija na ndoo za asali huwezi kubishana nayo, na yeye hakuona kuwa ni bahati.

Mwanzoni hakuumwa. Aliniambia hata usingizi umekuwa mtamu. Mimi ndiye nilikuwa najua, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nambania suruali. Nilizipunguza kiunoni, baada ya muda nikazipunguza tena, mpaka mifuko ya nyuma ikakaribia kugusana. Nilikuwa nashona nikiwa nimetulia kabisa. Mkono unasukuma kitambaa, mguu unakanyaga, na mimi najua kuwa mume wangu anakwisha, na simo humo. Kuna mwanamke mwingine angepiga kelele. Nilimngoja huyo mwanamke aje, hakuja.

Akaanza kukohoa. Akaanza kutoka jasho la usiku la kukamua shuka. Siku moja alishindwa kunyanyua ndoo ya maji nusu, akaiweka chini taratibu akijifanya amekumbuka kitu. Nikaenda nikakaa mbele yake.

"Mimi nameza vidonge vilevile," nikamwambia. "Kila siku, sijaacha. Askari wangu wanaungua, daktari amepima kwenye damu yangu mimi, si yako. Kama kuna harufu, mimi ndiye ninayo. Niache niende kwenye mizinga yako. Wakinikataa mimi peke yangu, sitakuambia tena neno juu ya dawa."

"Mwanamke hapandi mzingani."

"Atapanda huyu."

"Watanicheka."

"Watakucheka ukiwa hai. Mimi naona ni afadhali."

Alikuwa amechoka mno kuendelea kubishana. Shemeji yeye alibisha zaidi. Alisema hata kama kaka yake amekubali, miti haijakubali. Nilimwambia miti niachie mimi. Shemeji huyo hakuwa na virusi, alipima kila mwaka na kututangazia majibu, na hajawahi kumeza kidonge chochote zaidi ya cha kichwa. Ndiyo maana nilimtaka yeye, si mtu mwingine.

Nikaoga maji matupu kama wao. Sikupaka mafuta, ngozi ikakauka ikawa nyeupe kama ya mtu aliyetoka kupepeta unga. Nikavaa suruali ya mume wangu, mojawapo ya zile nilizozibana, ikanienea. Gwanda sikuvaa. Nimeshona magwanda maisha yangu yote na siku niliyolihitaji nililiacha nyumbani, kwa sababu jasho langu lilitakiwa linuswe.

Tulifika jioni, jua bado lipo. Mti wenyewe ni myombo usio mrefu sana, mzinga wa gogo umelazwa kwenye tagaa. Shemeji alitangulia na fungu la magome yanayofuka moshi, mimi nikamfuata, miguu inatafuta pa kukanyaga. Nilitegemea kuogopa. Niliangalia chini nikaona ndala zangu zimekaa sambamba kwenye majani, nikafikiri tu kwamba nimezipanga vizuri. Akapuliza moshi, akafungua kifuniko, sauti ya nyuki ikabadilika.

Walitoka. Walitujia wote wawili. Mmoja aliniuma kwenye kope, wengine shingoni, wengine waliingia ndani ya shati wakanifanya ambavyo sijawahi kufanywa. Maumivu yalikuwa makali, na nasema kweli, niliyapokea vizuri, kwa sababu yalikuwa yangu na niliyasikia. Lakini shemeji ndiye aliyekipata cha moto. Upepo uliupeleka moshi upande mwingine, akaukosa, nyuki wakamjaa kichwani. Aliteremka ule mti kwa namna ambayo hakuna mtu anafundishwa, akikwaruza gome lote kwa tumbo, akikimbilia vichakani na kuwaita wazee waliokwisha kufa. Mimi nilibaki juu nimekumbatia tagaa mpaka walipotulia. Nikatoa masega niliyoweza kutoa, nikashuka.

Tulirudi Mitundu kwa pikipiki, tumevimba. Mume wangu alikuwa amekaa mlangoni juani, amejifunika blanketi. Alimtazama mmoja wetu, akamtazama mwingine, kwa muda mrefu. Shemeji hakuwa na uso tena. Masikio yake yalikuwa yamesimama kama vipini vya chungu.

"Na wewe?" mume wangu akamuuliza mdogo wake.

"Mimi ndiye hasa," shemeji akasema, maneno yakipita kwa shida kwenye midomo.

Mume wangu akaanza kucheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, akakohoa mpaka akainama, na alipoinuka bado alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. "Basi hawana ubaguzi," akasema. Kisha akaniangalia, na aliposema hili hakuwa anacheka. "Kesho nipeleke nikachukue dawa."

Nilifurahi. Nataka iandikwe kwamba siku hiyo nilifurahi, jicho moja limefunga.

Kliniki walimpokea bila maneno makali. Walimpima makohozi kwa ajili ya kifua kikuu, hayakuonyesha kitu. Wakamrudishia vidonge. Na kweli, baada ya muda mfupi tu, mtu akaanza kuonekana. Alikula ugali wa uwele na mlenda akaomba nyongeza. Alitembea mpaka kibandani kwangu akakaa kwenye kiti cha wateja, akawa ananisema jinsi ninavyokata kitambaa. Nilifumua mshono wa suruali moja, kidogo tu.

Halafu homa ikaja, mbaya kuliko zote za nyuma. Tezi za shingo zikavimba, pumzi ikawa fupi, akawa anaongea neno moja moja. Tulimpeleka Singida mjini. Walimpiga picha ya kifua, na daktari wa pale, mwanamume mtu mzima, akaniita pembeni karibu na kitanda ambapo mume wangu alikuwa anasikia.

"Mama, alikuwa na kifua kikuu muda mrefu," akasema. "Kilikuwa kinamla kimya kimya kwa sababu askari hawakuwepo wa kupiga kelele. Sasa amerudia dawa, askari wamerudi wengi kwa mara moja, wamekuta adui amejaa ndani ya nyumba. Wanachoma kila mahali. Hii homa, huu uvimbe, ni wao."

"Kwa hiyo ni dawa?" nikauliza.

"Si dawa. Ni ule muda aliokaa bila dawa. Angekuwa hajaacha, tusingefika hapa. Na asingerudia, kifua kikuu kingemaliza kazi yake bila hata kelele. Tunampa dawa za kifua kikuu, za virusi anaendelea nazo, na tunamuongezea ya kuwatuliza hao askari wasiunguze zaidi."

Kutoka kitandani mume wangu akasema, "Moshi."

Daktari hakuelewa. Nikamweleza kwamba huyu ni mrina asali, na nyuki wakikasirika wanapulizwa moshi.

"Eeh," daktari akasema, "ni hivyo hivyo, mzee."

"Moshi ukizidi?" mume wangu akauliza.

"Ukizidi askari wanalegea, wanashindwa kulinda."

"Kabisa," akasema. Alifumba macho akaonekana kama mtu aliyekutana na mwenzake wa kazi mji wa ugenini. Nilikaa nikamshika mguu juu ya blanketi.

Hakupona. Alikufa asubuhi moja wakati nimetoka kumnunulia chapati ambayo wote wawili tulijua hataila. Nilikuwa nampenda. Naliandika hapa kwa sababu pale wodini sikulisema, nilimuuliza muuguzi nitoe wapi shuka.

Tulimzika kwao Sepuka. Kule mjane anakaa mkekani, ndani, ameegemea ukuta, na hainuki kuchukua kitu. Akitaka maji, akitaka kanga, akitaka hata kujikuna mahali mkono haufiki, anamwambia wifi yake na wifi ndiye anayeleta. Wifi yangu alinihudumia vizuri, siwezi kumsingizia. Alinilisha, akanifunga kilemba, akanisogeza kwenye ukuta usiopigwa na jua. Lakini mdomo wake haukupumzika.

"Alikuwa ameshazoea hali yake," alikuwa anawaambia akina mama waliokuja kutoa pole. "Ameacha zile dawa, akapata asali, akanenepa. Wamemrudishia dawa tu, hata muda haukupita, mnaona tulipo."

Akina mama wakaguna. Mmoja akasema amesikia kijiji cha jirani pia hivyohivyo. Mwingine akasema hizo dawa zinaamsha ugonjwa uliolala. Waliyasema mbele yangu, wakinitazama kwa pembeni kwa sababu nilikuwa bado sijalia, na mjane asiyelia anatazamwa. Nilisikia kila neno, na kila neno lilinipita. Siku ya mazishi nilisikia hivyo, kesho yake nikasikia hivyo. Dawa zangu za siku hizo nilizifunga kwenye pindo la kanga, nikazimezea chooni kwa mate, kwa sababu huko ndiko mjane anaachwa peke yake.

Siku ya tatu, asubuhi, wakati watu wanangoja uji, mwanamke mmoja kijana mwenye mtoto mgongoni akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo mtu akiwa nazo, aache?"

Hakuna aliyemjibu. Wifi akatazama chini. Nikaona yule mwanamke anaanza kukubali ule ukimya kama jibu, na nilishajua ukimya wa namna hiyo unafanya nini kwa mtu.

"Wifi," nikasema, "naomba mkoba wangu pale msumarini. Na maji."

Akaleta mkoba, akapiga magoti na kikombe. Nilipotoa kopo, akaninong'oneza, "Hata leo?"

"Hata leo," nikasema, na sikunong'ona. Nikakiweka kidonge ulimini wote wakiona, nikanywa maji, nikameza. Kisha nikawaambia, kwa Kinyaturu ili hata bibi wa mwisho kule kona asikie: mume wangu aliacha dawa, kifua kikuu kikaingia kwenye nyumba isiyo na mlinzi, na aliporudi kuzitaka moto ulikuwa umeshashika paa. Nikawaambia nazimeza tangu siku ileile aliyoanza yeye, sikuziacha, na niko hapa mnaniangalia. Nikamwambia yule mwenye mtoto, "Asiache."

Wifi hakuinuka. Alibaki amepiga magoti mbele yangu, kikombe mkononi na maji yamebaki nusu, ameutazama mkeka. Akaniinamia kama anayenirekebishia kilemba.

"Zangu nimezitupa chooni," akasema sikioni. "Jana. Nimeogopa."

Miaka yote hiyo sikujua. Alikuwa ameolewa, ameachika, amezika wanaume wawili, amenigombeza juu ya chumvi kwenye mboga, na sikujua. Wala kaka yake hakujua.

Nikafungua kopo tena, nikamwekea kimoja kiganjani. Aliangalia watu, kisha akaacha kuwaangalia. Akameza, akanywa yale maji yaliyobaki, akaniwekea kichwa begani, na hapo nikaanza kulia kwa sauti. Akina mama wakapumua wote kwa pamoja. Nilimsikia mmoja akimwambia mwenzake kwamba afadhali, mjane ameanza kumlilia mumewe.